Bingwa wa Pikipiki Zisizo na Breki

Hebu fikiria, mama, uko jikoni unasonga ugali. Mwanao wa miaka 17 anaingia, anaegemea mlango, na kukuambia kwamba ameamua kwenda ng'ambo kuendesha pikipiki za mashindano. Unamwuliza ni pikipiki za namna gani. Anakujibu kwamba zina injini kubwa, na kwamba hazina breki.

Bila shaka ungeuacha mwiko ndani ya sufuria! Pengine ungemwita baba yake, ungewaita na wajomba, ili wote kwa pamoja wamtoe wazo hilo kichwani. Na kama anayekuambia maneno hayo si mwanao bali ni mumeo, jambo lingekuwa zito zaidi. Hapo chakula cha watoto, kodi ya nyumba na maisha yenu yote yangekuwa yanategemea magurudumu mawili.

Kijana wa namna hiyo alikuwapo. Jina lake ni Ivan Mauger, aliyezaliwa tarehe 4 Oktoba 1939 katika mji wa Christchurch, New Zealand. Mwaka 1957, kabla hajatimiza miaka 18, aliondoka kwao pamoja na Raye, mkewe kijana, kwenda Uingereza kutafuta riziki katika mchezo wa pikipiki unaoitwa spidiwei. Alishindwa, akarudi kwao. Lakini alipostaafu katikati ya miaka ya 1980, alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia wa mchezo huo mara 6, na ubingwa wa dunia wa mchezo ndugu yake, longitraki, mara 3.

Je, ni nini kilichotokea kati ya kushindwa kule na ushindi huo? Swali hili latuhusu hata sisi ambao hatujawahi kukanyaga kiwanja cha pikipiki. Maana ni nyumba ngapi ambamo baba, mama au kijana amejaribu jambo likamshinda, na sasa anaogopa hata kulitaja?

MCHEZO WENYEWE UKOJE?

Kwanza tuuelewe mchezo. Spidiwei huchezwa katika kiwanja chenye njia ya mviringo mrefu, yenye urefu wa mita 300 au 400 hivi. Njia hiyo haina lami. Imetandazwa mchanga na mawe yaliyosagwa. Waendeshaji 4 hujipanga mbele ya utepe. Utepe unaporuka juu, wote huondoka kwa pamoja na kuzunguka mara 4, wakipinda kushoto tu. Mbio moja huchukua muda wa dakika moja hivi. Wa kwanza hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, na wa mwisho hapati kitu.

Injini ina ukubwa wa sisi 500 na hutumia methanoli, ambayo ni aina ya spiriti, badala ya petroli. Mpandaji huvaa kiatu cha chuma kwenye mguu wa kushoto, kwa kuwa mguu huo ndio anaoukokota ardhini anapokata kona.

Na breki? Hakuna kabisa, wala si kwa uzembe. Wanne hao hukimbia wakiwa wamebanana sana, kasi ikipita kilometa 100 kwa saa mahali penye njia iliyonyooka. Kama mmoja wao angekanyaga breki ghafula, wa nyuma yake wangemvaa. Kwa hiyo mwendeshaji hupunguza mwendo kwa kuilaza pikipiki na kuliacha gurudumu la nyuma liteleze kwa ubavu. Ukimtazama kwa mara ya kwanza utadhani anaanguka. Kumbe ndivyo anavyopinda.

Longitraki ni mchezo wa jamii hiyohiyo, ila njia yake ni ndefu zaidi, hufikia mita 1,000, na mara nyingi huwa ni uwanja uliokwisha kutumiwa kwa mbio za farasi. Huko pikipiki huwa na gia mbili na waendeshaji huwa wengi zaidi. Mwendo pia ni mkali zaidi. Breki bado hakuna.

MJI ULIOZAA MABINGWA WATATU

Ni jambo la kushangaza kwamba mji mmoja wa mbali kama Christchurch uliwahi kutoa mabingwa watatu wa dunia wa spidiwei. Wa kwanza alikuwa Ronnie Moore, aliyeshinda mwaka 1954 na 1959. Wa pili alikuwa Barry Briggs, aliyeshinda mwaka 1957, 1958, 1964 na 1966. Wa tatu ndiye Mauger. Ukijumlisha ubingwa wa watu hao watatu unapata 12.

Ivan alipokuwa kijana, Moore na Briggs walikuwa tayari watu mashuhuri. Walikuwa wamekwenda Uingereza na kujiunga na timu ya Wimbledon, jijini London. Kwa kijana wa Christchurch aliyependa pikipiki, njia ilionekana wazi: fanya kama walivyofanya wao. Nenda Uingereza, nenda Wimbledon, utakuwa bingwa.

Basi Ivan na Raye wakaenda. Safari kutoka New Zealand hadi Uingereza wakati huo ilikuwa ya meli, wiki kadhaa baharini. Wewe uliyeolewa ukiwa msichana mdogo waweza kuelewa. Binti ameacha mama yake, dada zake na mashoga zake upande mmoja wa dunia, anakwenda upande wa pili ambako hana hata shangazi wa kumwuliza jambo. Anamfuata mume ambaye bado ni kijana mwenyewe, na ambaye kazi yake ni hiyo tuliyoieleza.

KUSHINDWA KWA KWANZA

Huko Wimbledon mambo hayakwenda kama walivyotazamia. Ligi ya Uingereza ilijaa watu wazima wenye uzoefu wa miaka mingi. Ivan alipewa nafasi chache katika timu, na katika hizo chache hakung'ara. Kilichouma zaidi ni kwamba mwaka huohuo wa 1957 Briggs, mtu wa mji wake, ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia. Ivan alikuwa katika klabu ileile lakini hakuwa na la kuonyesha.

Hatimaye alirudi New Zealand bila jina na bila taji.

Sote twajua jinsi jambo hili lilivyo gumu. Mtu akirudi kutoka mjini mikono mitupu, majirani huuliza maswali. Wengine huuliza kwa huruma, lakini wengine huuliza kwa sababu wamefurahi moyoni. Na mara nyingi mkewe huulizwa zaidi kuliko yeye. "Vipi shoga, mbona mmerudi?" Katika hali hiyo ni rahisi mke kumtupia mume maneno, na ni rahisi mume kutafuta mtu wa kumlaumu.

Ivan hakuuacha mchezo, lakini pia hakukimbilia Uingereza upesi ili kuwaziba watu midomo. Alianza upya nyumbani. Baadaye alikwenda Australia, ambako alishindana na watu waliokomaa, akajifunza viwanja vya kila namna na akaanza kushinda. Miaka ikapita.

Tangu safari ile ya kwanza hadi alipokwenda tena Uingereza kupata nafasi ya maana, ilipita miaka 6. Ni muda mrefu kwa kijana, na kwa mke wa kijana aliye na familia ni mrefu zaidi. Lakini katika miaka hiyo, yule mvulana aliyeshindwa Wimbledon alikuwa anageuka kuwa mtu mwingine.

ANARUDI TENA

Mwaka 1963 Mauger, akiwa na miaka 23, alijiunga na timu ya Newcastle, kaskazini mwa Uingereza. Safari hii hakuanza juu. Newcastle ilikuwa katika ligi ya majimbo, iliyohesabiwa kuwa chini ya ile ya timu kubwa kama Wimbledon. Mtu mwenye majivuno angeona ni aibu. Yeye aliona ni mahali pa kufanyia kazi.

Mwaka huohuo alikuwa bingwa wa waendeshaji wa ligi hiyo, na mwaka 1964 akashinda tena. Mwaka 1966 alifika fainali ya dunia kwa mara ya kwanza, akawa wa nne. Mwaka 1967 akawa wa tatu.

Watu waliomwona Mauger akifanya kazi husimulia hasa juu ya maandalizi yake. Hakuwa mtu wa kufika uwanjani na kubahatisha. Pikipiki zake zilitengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Alikichunguza kiwanja kabla ya kukimbia. Aliijua vizuri sekunde ile moja ya kuruka kwa utepe, kwa sababu anayetoka wa kwanza hafungwi macho na vumbi la wenzake. Kwake huo ulikuwa ufundi, kama vile fundi cherehani anavyopima mara mbili kabla ya kukata kitambaa.

Hapa ndipo tunapopata jibu la lile swali la breki. Mtu asiye na breki hana nafasi ya kurekebisha makosa yake katikati ya kona. Ni lazima awe ameyarekebisha kabla hajaondoka.

MARA TATU MFULULIZO

Katika miaka hiyo, fainali ya dunia ilifanyika kwa usiku mmoja au mchana mmoja tu. Waendeshaji 16 walikutana katika mbio 20, kila mmoja akikimbia mara 5. Kwa hiyo pointi nyingi kabisa ambazo mtu angeweza kupata ni 15. Kosa moja, cheche moja kukataa kuwaka, na jasho la mwaka mzima limekwenda bure.

Mwaka 1968, mjini Gothenburg, Uswidi, Mauger alipata pointi zote 15 na kuwa bingwa wa dunia. Ilikuwa miaka 11 tangu alipoondoka Christchurch kwa mara ya kwanza. Mwaka 1969 akahamia timu ya Belle Vue ya Manchester, na mwaka huo akashinda tena fainali, safari hii katika uwanja wa Wembley, London. Mwaka 1970 fainali ilikwenda Wrocław, Poland. Akapata tena pointi zote 15. Hakuna mtu aliyewahi kushinda mara tatu mfululizo kabla yake.

Wapenzi wawili wa mchezo huo kutoka Marekani walikuwa wameahidi kwamba akishinda mara ya tatu, wataipaka dhahabu pikipiki yake. Akashinda, nao wakatimiza ahadi yao. Pikipiki hiyo ya dhahabu ilikuja kuonyeshwa katika jumba la makumbusho la Canterbury, mjini Christchurch, mji uleule aliourudia mikono mitupu.

MWANAFUNZI AMSHINDA MWALIMU

Ingekuwa hadithi ya kubuni, tungeishia hapo penye dhahabu. Lakini maisha ya watu hayaishii penye dhahabu.

Alipokuwa Newcastle, Mauger alikuwa amemsaidia kijana mmoja wa Denmark, Ole Olsen, kuja Uingereza mwaka 1967 na kujiunga na timu hiyo. Alimfundisha mengi. Mwaka 1971, katika fainali ya Gothenburg, Olsen alipata pointi zote 15 na kuwa bingwa wa dunia. Mwalimu wake akawa wa pili.

Mama anayemfundisha mdogo wake biashara ya vitumbua, kisha akaona wateja wote wanahamia meza ya pili, anaweza kujua uchungu huo. Mauger hakuacha kufundisha kwa sababu hiyo. Aliendelea kuwaongoza vijana kwa miaka mingi, hata baada ya kustaafu.

Mwaka 1972, Wembley, alifungana kwa pointi 13 na Bernt Persson wa Uswidi, wakakimbia mbio ya kuamua, naye Mauger akashinda. Huo ulikuwa ubingwa wa nne. Mwaka 1973, mjini Chorzów, Poland, mbele ya umati uliopita watu 100,000, alifungana tena kwa pointi 13, safari hii na Jerzy Szczakiel, kijana wa Poland ambaye wengi hawakumtazamia. Mbio ya kuamua ikaanza. Szczakiel akatangulia. Mauger, akijaribu kumpita, akaanguka. Umati ukalipuka kwa shangwe kwa kuwa Poland ilikuwa imepata bingwa wake wa kwanza. Na bingwa mara nne akainuka mavumbini, akajipangusa.

Mwaka 1974 akawa wa pili tena, nyuma ya Anders Michanek wa Uswidi.

NJIA NDEFU ZA JUMAPILI

Tusisahau kwamba wakati huohuo alikuwa na kazi ya pili. Belle Vue ilikimbia Jumamosi usiku. Longitraki ilikuwa na wapenzi wengi bara la Ulaya, hasa Ujerumani, na huko mashindano yalikuwa Jumapili. Kwa waendeshaji wa namna yake, mwisho wa juma haukuwa wa kupumzika. Waliendesha usiku katika nchi moja, wakasafiri, na kesho yake mchana walikuwa katika nchi nyingine, juu ya pikipiki nyingine, kwenye njia yenye urefu mara tatu ya ile ya jana.

Si kila bingwa wa njia fupi aliweza njia ndefu. Kule mwendo ni mkali na kona ni pana, na mtu hukaa muda mrefu zaidi katika kasi kubwa. Mauger alikuwa bingwa wa dunia wa longitraki mwaka 1971, mwaka uleule Olsen alipomvua taji la spidiwei. Mwaka 1972 alishinda yote mawili. Mwaka 1976 akashinda longitraki kwa mara ya tatu.

Tukitazama orodha hiyo tunaona mataji. Mke aliyebaki na watoto huona Jumamosi na Jumapili nyingi ambazo kiti cha baba kilikuwa kitupu mezani. Ivan na Raye walijaliwa watoto 3. Walilelewa katika nyumba ambayo baba aliondoka na kurudi, akaondoka tena. Wake wa madereva wa malori, wa mabaharia na wa askari wanaosoma makala hii hawahitaji kuelezwa zaidi.

HOFU AMBAYO HAIZOELEKI

Na kuondoka huko hakukuwa kama kwa mtu anayekwenda ofisini. Katika fainali ileile ya mwaka 1972 ambayo Mauger alishinda, Barry Briggs aligongana na mwenzake, akaumia mkono na kupoteza kidole kimoja. Mwaka 1975, katika ziara ya mabingwa huko Australia iliyoandaliwa na Mauger na Briggs wenyewe, Ronnie Moore alianguka na kuumia vibaya kichwani. Moore alipona kwa taabu na kuishi hadi Agosti 2018, alipofariki akiwa na miaka 85. Lakini wako waendeshaji wengine wa miaka hiyo ambao hawakurudi nyumbani kwa wake zao.

Je, mke wa mtu mwenye kazi ya hatari afanyeje? Wako wanaonyamaza, na wako wanaolia kila siku hadi mume aache. Hatuwezi kumhukumu mmoja wala mwingine. Lakini maisha ya Mauger yanatufundisha tofauti kati ya hatari na ujinga. Mtu anayepanda pikipiki bila kofia ngumu, amelewa, akiwa na abiria watatu nyuma na mzigo mbele, yuko katika hatari kubwa kuliko lazima, hata kama pikipiki yake ina breki mbili nzuri. Mauger aliifanya kazi ya hatari kwa karibu miaka 30, na akafika uzeeni.

Kwa hiyo mama mwenye mume au kijana anayeendesha pikipiki mjini anayo haki ya kuuliza: Je, umeikagua? Je, kofia iko wapi? Je, umelala vya kutosha? Hayo si maswali ya kumsumbua mtu. Hata bingwa wa dunia alijiuliza ya namna hiyo kila juma.

WALIPODHANI AMEKWISHA

Mwaka 1975 Olsen akatwaa tena taji. Mwaka 1976 Peter Collins wa Uingereza akashinda, naye ni kijana aliyetokea Belle Vue, klabu ambayo Mauger alikuwa nyota wake. Watu wakaanza kusema kwamba wakati wake umepita. Ni kweli kwamba katika mwaka huohuo wa 1976 alikuwa bingwa wa longitraki, na alitunukiwa nishani ya MBE. Lakini nishani mara nyingi hupewa watu ambao wengine wanadhani kazi yao imekwisha.

Mwaka 1977 fainali ilirudi Gothenburg. Mvua ilinyesha sana na njia ikawa tope. Katika hali hiyo nguvu za ujana hazisaidii sana. Husaidia kujua la kufanya. Mauger, akikaribia miaka 38, alipata pointi 14 na kuwa bingwa wa dunia kwa mara ya tano. Akawa amemfikia Ove Fundin wa Uswidi, aliyekuwa na rekodi ya mara 5.

Ikabaki moja. Tarehe 2 Septemba 1979, fainali ilikuwa Chorzów, katika uwanja uleule ambako miaka 6 kabla alianguka mbele ya umati. Sasa alikuwa na miaka 39, na mwezi uliofuata angetimiza 40. Baadhi ya aliokimbia nao walikuwa wangali watoto wa shule wakati yeye alipopata taji la kwanza. Akapata pointi 14 kati ya 15. Ubingwa wa sita! Mwaka huohuo New Zealand, nchi ndogo, ikashinda kombe la dunia la timu, naye akiwa mmoja wao. Kabla ya hapo alikuwa amelishinda akiwa na Uingereza mwaka 1968, 1971 na 1972, na mwaka 1970 yeye na Ronnie Moore walikuwa mabingwa wa dunia wa watu wawili wawili.

Rekodi yake ya ubingwa 6 ilikaa peke yake kwa miaka 26, hadi Tony Rickardsson wa Uswidi alipoifikia mwaka 2005. Bartosz Zmarzlik wa Poland naye aliifikia mwaka 2025.

NYUMBA ILIYO NYUMA YA VIKOMBE

Mwaka 1989 Mauger alitunukiwa nishani ya OBE. Yeye na Raye walihamia Gold Coast, Australia, na huko ndiko walikozeeka pamoja. Katika miaka ya mwisho aliugua kwa muda mrefu. Alifariki tarehe 16 Aprili 2018, akiwa na miaka 78.

Tangu safari ile ya mwaka 1957 hadi siku hiyo ilikuwa imepita miaka zaidi ya 60, na mke aliyekuwa naye mwanzo ndiye aliyekuwa naye mwisho. Katika vitabu vya rekodi hakuna safu ya kuandikia jambo hilo. Huandikwa mwaka, uwanja na pointi. Lakini kila mwanamke aliyeolewa anajua kwamba mtu hawezi kushindwa akiwa na miaka 18, kujaribu tena akiwa na 23, kuanguka akiwa na 33, na kushinda akiwa na 39, kama nyumbani kwake kila anaporudi anakuta vita.

Hatusemi kwamba mke ni lazima akubali kila wazo la mumeo. Liko wazo la kukataa, na mke mwenye akili hulikataa mapema. Lakini liko pia wazo zuri ambalo lilishindwa mara ya kwanza kwa sababu lilifika kabla ya wakati wake. Kijana wa Wimbledon hakukosea kupenda pikipiki. Alikuwa hajakomaa tu. Ilihitajika miaka 6 ya kujifunza polepole, katika viwanja vidogo, bila kupigiwa makofi.

Pengine katika nyumba yako liko jambo la namna hiyo. Cherehani iliyofunikwa kitambaa tangu biashara ilipokufa. Kijana aliyefeli mtihani na sasa hataki hata kuona daftari. Mume aliyerudi kutoka mjini akakaa kimya. Jioni ya leo, vyombo vikishaoshwa na watoto wakishalala, keti karibu naye. Usimwulize kwa nini alishindwa, maana hilo ameulizwa na wengi. Mwulize kama angeanza tena, angefanya nini tofauti. Kisha umsikilize hadi mwisho.